Mtafuta mababu aliyekosea kaburi

Saa kumi na moja alfajiri, majogoo wa mtaa wa kanisani wangali wanashindana, na Rosenda Galinato amekwisha kunywa kikombe cha pili cha kahawa. Mezani kwake kuna kompyuta mbili, simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya siki ya miwa, na taa ambayo shingo yake imefungwa kwa mpira. Anaongea na mzee mmoja aliyeko Honolulu.

"Huko saa ngapi, Manong?" anauliza. Hapa Ilocos, kaskazini mwa Ufilipino, mwanamume aliyekuzidi umri ni Manong, hata kama hujawahi kumwona.

"Saa tano asubuhi. Ya jana."

"Vizuri. Kazi yangu yote iko huko huko jana."

Mzee anacheka. Anamtafuta mama wa bibi yake, ambaye ukoo mzima unamjua kwa jina moja tu, Saturnina. Rosenda analiandika jina hilo kwenye karatasi, lakini hagusi kompyuta. Anauliza kwanza jambo ambalo mzee hakulitazamia.

"Bibi Saturnina alikuwa mtoto wa kuuguaugua? Hamkuwahi kusikia kwamba alipitishwa chini ya sinia?"

Mzee anasema hajui, ila atamuuliza dada yake mkubwa.

"Muulize, mimi nangoja," anasema Rosenda. "Jana haikimbii."

Kwa miaka kumi na moja swali hilo halikuwamo kwenye fomu yake. Limeingia mwezi uliopita, na halikuingia kwa heshima. Liliingia baada ya Rosenda kugundua kwamba alikuwa amewapa watu mia tatu babu asiye wao.

Rosenda ana umri wa miaka arobaini na sita. Hajaolewa, hana mtoto, na wanaopenda kumuuliza kwa nini wameshachoka wenyewe. Anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na mama yake nyuma ya kanisa la mji wa Santa Rufina, na sebule ndiyo ofisi.

Kazi hii aliianzia mbali. Kwa miaka kumi na miwili alikaa na taipureta nje ya ofisi za mji, akiwajazia watu fomu za vyeti vya kuzaliwa. "Mtu anakuja hajui mama yake alizaliwa tarehe ngapi," anasimulia. "Anachojua ni kwamba ulikuwa mwaka ule kimbunga kilipoondoka na paa la shule. Basi nikawa nageuza vimbunga kuwa tarehe."

Mwaka 2014 alikuja kijana kutoka Hawaii na picha moja iliyokunjwa mara nne. Babu yake alikuwa mkata miwa. Katika mji huu ni vigumu kuipata nyumba ambayo haikutoa mkata miwa kwenda Hawaii enzi zile, na sasa wajukuu wanarudi na maswali. Rosenda alimtafutia yule kijana ndugu zake kwa wiki mbili, akawapata, wakampikia mbuzi. Tangu siku hiyo taipureta iko kabatini.

Zana zake leo ni nyingine kabisa. Vitabu vya ubatizo vya parokia vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na akili mnemba inausoma mwandiko wa mapadri wa Kihispania kwa kasi ambayo macho ya binadamu hayaiwezi. Kuna orodha za abiria wa meli, mikataba ya mashamba ya miwa, na picha za mawe ya makaburi. Na kuna kipimo cha vinasaba: mate kwenye kichupa, kichupa kwenye bahasha, na baada ya wiki sita mtu anaambiwa ana ndugu mia nane ambao hajawahi kuwapa hata maji ya kunywa.

Kwa mtu wa hapa hutoza peso 800, kwa wa ng'ambo 4,500. Mwezi mzuri humwachia peso 16,000 akishalipia umeme na intaneti. Mwezi mbaya, anasema, ni mwezi wa mboga za uani.

Santa Rufina si mji rahisi kwa kazi hiyo. Mwaka 1849 serikali ya Kihispania iligawa majina ya ukoo kwa orodha, na mji huu ukaangukiwa na kurasa za herufi C. Mpaka leo mwalimu akiita majina darasani anaanza na Cabanilla na kuishia na Cuaresma, na katikati wako wana Calpito watano ambao hawahusiani hata kwa harufu. Rosenda mwenyewe, kwa hiyo Galinato yake, hahitaji kueleza kwamba baba yake alikuwa mtu wa kuja.

Ni hao wana Calpito ndio waliompa jina, na nusura wamnyang'anye.

Mwaka 2019 alipigiwa simu na Arnulfo Calpito, mhudumu mstaafu wa hoteli anayeishi Waipahu, Hawaii, ambaye ndiye mwenyekiti wa ukoo wao. Babu yake, Gaudencio Calpito, alipanda meli mwaka 1922 na kufia huko huko. Baadhi ya watoto wake walirudi kuishi huku, hivyo wajukuu zake wako pande zote mbili za bahari. Lakini Gaudencio hakuwahi kusema neno moja juu ya baba yake na mama yake. Akiulizwa, aliondoka mezani.

Jambo hilo liliwakera wana Calpito hasa inapofika Siku ya Marehemu, tarehe mosi Novemba. Siku hiyo mji mzima huhamia makaburini na mishumaa, vyakula na mikeka, kila ukoo umelizunguka kaburi la shina lake. Wao hawakuwa na shina. Walikuwa wakizunguka na mishumaa mkononi kama watu waliokosea harusi.

Rosenda alitafuta. Katika vitabu vyote vya ubatizo, kompyuta ilimpata Gaudencio Calpito mmoja tu, aliyezaliwa Agosti 1902, baba yake Hilarion, mama yake Eusebia. Mashine ikamwandikia kwamba ina uhakika wa asilimia tisini na nne. Kaburi la Hilarion lilikuwepo, katika makaburi ya zamani nyuma ya kanisa, jiwe limezama kwenye magugu mpaka kidevuni.

Kulikuwa na doa moja. Mkataba wa shamba la miwa, ambao Gaudencio aliuwekea dole gumba mwaka 1922, ulisema mama yake aliitwa Marcela.

"Nililiona," anakiri Rosenda. "Nikasema karani wa bandarini alikuwa amechoka. Nimewahi kukuta karani ameandika jina la meli mahali pa jina la mama. Basi nikaliruka."

Wana Calpito walifurahi mno. Kaburi la Hilarion lilifyekwa, likawekwa vigae, likazungushiwa uzio mweupe wa chuma. Kazi ya kulitunza aliichukua Pacita Calpito, binamu yake Arnulfo, mwenye umri wa miaka themanini na miwili, ambaye mji mzima unamwita Nana Pacing. Huyo hakungoja Novemba. Kila nyonga ilipomuuma alimpelekea Hilarion sahani ya marehemu, yaani atang: wali wa kunata, yai la kuchemsha na kikombe cha pombe ya miwa. Kisha alikaa hapo akamweleza.

"Kwa nini nisimweleze?" anauliza Nana Pacing. "Watoto wangu wanasikiliza dakika mbili, wanachungulia simu. Yeye hakuwa na simu."

Mwezi Agosti mwaka huu Arnulfo alipiga simu alfajiri, anacheka hata kabla ya salamu. Binti yake alikuwa amempa zawadi ya kipimo cha vinasaba, na majibu yalikuwa yametoka. Juu kabisa ya orodha ya ndugu zake alikuwapo mtu wa karibu sana, tena wa hapa hapa: Isabel Calpito, miaka tisini na mitatu, wa Cabaruan, ng'ambo ya mto.

"Huyu ni nani, Rosenda?" Arnulfo aliuliza. "Mweke kwenye mti wa ukoo upesi. Fulana ziko kwa mchapishaji, tumwongezee na yeye ya kwake."

Fulana zilikuwa mia tatu na kumi na mbili, za mkutano wa ukoo utakaofanyika mwisho wa Oktoba. Rangi ya chungwa kwa watu wa Hawaii, kijani kwa watu wa nyumbani. Mgongoni zimeandikwa kwa herufi kubwa: WANA WA HILARION.

Rosenda alikaa mezani amweke bibi huyo kwenye mti. Akakosa tawi la kumweka. Isabel alikuwa binti wa Fermin, na Fermin alikuwa mtoto wa Ciriaco Calpito. Mke wa Ciriaco aliitwa Marcela.

"Niliposoma hilo jina Marcela, nikaufungua tena ule mkataba wa miwa," anasema. "Nilijua papo hapo. Mtu anaposema hakujua, mara nyingi alijua."

Ciriaco na Marcela walikuwa na watoto wawili wa kiume katika kitabu cha ubatizo: Fermin wa mwaka 1897, na Policarpo wa Januari 1901. Hapakuwa na Gaudencio. Rosenda akafungua kitabu cha mazishi, ambacho mchwa walikuwa wamekila nusu na ambacho kilipigwa picha mwaka jana tu. Aliyatafuta maandishi kwa macho yake mwenyewe, maana mashine haisomi matundu.

Akayapata. Machi 1904, mwaka wa kipindupindu: Gaudencio, mtoto wa Hilarion Calpito, hajatimiza miaka miwili. Siku nne baadaye, Eusebia, mke wa Hilarion. Na mwaka 1909, Hilarion mwenyewe, mjane, hakuacha mtoto.

Yule mtoto hakuwahi kupanda meli yoyote. Sasa aliyepanda alikuwa nani?

Cabaruan ni dakika kumi kwa pikipiki yenye kigari cha pembeni. Rosenda alimkuta Apong Sabel, kama wanavyomwita bibi huyo, ameketi sakafuni kwenye baraza anasuka vitunguu saumu kwa majani yake kuwa mashada. Msokoto wa tumbaku ulikuwa pembeni mwa mdomo. Kile kipimo cha vinasaba aliletewa na mjukuu wake ambaye ni muuguzi Riyadh, na bado kilikuwa kinamchekesha. "Miaka tisini naambiwa kutema mate ni utovu wa adabu," alisema. "Sasa wanayanunua."

Mazungumzo yao, kama Rosenda anavyoyakumbuka, yalianza hivi.

"Apong, natafuta habari za ndugu wa baba yako."

"Yupi? Baba yangu alikuwa na ndugu mmoja tu, na alikuwa mwizi."

"Mwizi?"

"Policarpo. Alimuuza nyati wa babu, nyati wa kulimia, akalipa nauli ya meli. Umemleta nyati?"

"Sijamleta, Apong."

"Basi keti hivyo hivyo."

Rosenda aliketi. Akauliza kama huyo Policarpo aliwahi kurudi, kama aliwahi kuandika barua.

"Policarpo ni jina la kanisani," alisema Apong Sabel, akikaza shada kwa meno. "Nyumbani nani alimwita hivyo? Alikuwa Gaudencio."

Kisha akaeleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupika wali. Mwaka wa kipindupindu mtoto alikuwa na miaka mitatu na alikuwa anakwisha. Walimwita mkunga mzee. Mkunga akamlaza mtoto chini ya latok, lile sinia kubwa la mbao la kulia chakula, akamwaga maji juu yake na kumpa jina la mtakatifu wa siku ile. Ugonjwa ukirudi usiku kumtafuta Policarpo, uambiwe hapa hakuna mtu wa jina hilo. Mtoto akapona. Padri hakuambiwa, na kitabuni hakikuandikwa kitu.

"Tangu siku ile hakuna aliyethubutu kulitamka lile jina la kwanza," alisema bibi. "Mpaka alipomuuza nyati. Hapo babu akasimama mlangoni akaita Policarpo, Policarpo, kwa sauti kubwa, ili ugonjwa usikie."

Ndiyo maana Gaudencio aliondoka mezani kila alipoulizwa.

Apong Sabel aliacha kusuka, akamtazama mgeni wake kuanzia viatu. "Na wewe umezaliwa wapi hata usiyajue haya? Miaka kumi na moja unaongea na hiyo televisheni yako, na mimi niko hapa ng'ambo ya mto."

Hapo ndipo penye aibu yenyewe, na Rosenda anaisimulia bila kujitetea.

Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Maria Leonora Galinato. Alipokuwa na miezi minane alipata degedege, na mama yake, aliyekwisha kuzika watoto wawili, akamwita jirani na sinia. Maria Leonora aliingia chini, Rosenda akatoka. Jina la cheti hulitumia benki tu. Mtu ambaye mwili wake mwenyewe umepita chini ya sinia alikaa miaka kumi na moja akitafuta mababu wa watu, wala haikumjia kichwani kwamba na wao huenda walipita. Waliosema mganga hajigangi walimwona.

"Watu wananiambia nilaumu mashine," anasema. "Mashine haijawahi kuugua. Mimi nimeugua."

Alirudi nyumbani akakaa siku tatu bila kumpigia mtu simu. Fulana zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Nusu ya wateja wake wa Hawaii wanatoka kwa Arnulfo, na habari mbaya Waipahu haihitaji intaneti. Zaidi ya yote alikuwapo Nana Pacing na sahani zake.

Je, alifikiria kunyamaza? "Nilifikiria vizuri sana," anajibu. "Nilipanga hadi mahali pa kumweka Apong Sabel kwenye mti ili asihojiwe. Kisha nikamkumbuka Marcela. Huyo mama nilimruka mara moja nikiwa sijui. Kumruka mara ya pili nikijua, hapana."

Alianza na Arnulfo. Arnulfo alisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu, akasema: "Mimi nimekusamehe. Sasa nenda kamwambie dada Pacing. Akikuua, nitapanda ndege nije nikuzike."

Rosenda alikwenda alasiri na empanada mbili za moto, sambusa kubwa za hapa, kwa sababu mwenye njaa hapewi habari mbaya. Nana Pacing alikula ya kwanza yote na nusu ya pili, akajifuta vidole, akasema, "Haya, sema. Hujawahi kuniletea mbili."

Akaambiwa yote: Marcela, sinia, nyati, kitabu kilicholiwa na mchwa. Alisikiliza akitazama mlango.

"Miaka sita," alisema mwishowe.

"Miaka sita, Nana."

"Nimemweleza yule mtu mambo yangu yote. Ya nyonga. Ya mkwe wangu. Ya ile ardhi." Sauti ilianza kupanda. "Mambo ambayo padri hayajui! Kumbe si wetu!"

"Si wenu, Nana. Nimekosa mimi."

"Na nyonga ilipona!"

"Labda zile dawa za..."

"Nyamaza. Umeshakosea mara moja."

Rosenda anasema alikuwa ameshaanza kutazama mahali alipoacha viatu vyake, ndipo mama yule akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza, si Arnulfo wala yeye mwenyewe.

"Na huyo Hilarion, ana nani?"

"Hana mtu, Nana. Mtoto alikufa kwa kipindupindu, mke akamfuata siku ya nne. Alibaki peke yake miaka mitano, kisha naye akafa. Jiwe aliwekewa na chama cha kanisa."

"Ndugu?"

"Nimetafuta. Hakuna."

Nana Pacing alilia. Alimlilia mtu aliyekufa mwaka 1909, ambaye hata binamu yake wa mbali hakuwa, na alilia kama watu wanavyomlilia wa nyumbani, kwa sauti na kamasi. Rosenda naye alilia, na haoni haya kusema hivyo. Walipomaliza, Nana Pacing alihesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo miaka mia moja na kumi hakuna aliyemwashia mshumaa. Mpaka ulipokosea wewe."

"Hakuna, Nana."

"Basi." Akachukua ile nusu ya empanada iliyobaki. "Fulana zibaki kama zilivyo. Rangi ni nzuri, na yule mtu ameshazoea."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na katika ukoo wa Calpito likishaamuliwa na Nana Pacing halipigiwi kura. Mwishoni mwa mwezi huu wana Calpito mia tatu na zaidi watavaa fulana zenye jina la mtu asiye babu yao. Mkono wa kushoto umeongezwa maneno madogo: na wa Ciriaco na Marcela. Tarehe mosi watawasha mishumaa kwa Hilarion asubuhi, kisha watavuka daraja kwenda Cabaruan, ambako Apong Sabel amekuwa akilitunza kaburi la Ciriaco mwenyewe muda wote huu bila vigae wala uzio.

Apong Sabel amekubali kupokea wageni. Amekataa fulana ya kijani, anataka ya chungwa. Kuhusu nyati, Arnulfo ametuma ujumbe kwamba atakuja naye, ila hajasema kama ni wa kuchonga au wa kweli, na bibi ameshasafisha zizi.

Si wote waliocheka. Wateja wawili wa Waipahu wamemwandikia Rosenda wakitaka kazi zao za zamani zikaguliwe upya. Anazikagua bila malipo, na mwezi huu amekula sana mboga za uani. Kati ya familia 640 alizowahi kufuatilia, anahofia kwamba kumi au kumi na tano zina sinia ndani yake. "Naenda moja moja," anasema. "Palipo na doa, safari hii siliruki."

Mpango wake mkubwa uko kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Jumapili baada ya misa huzunguka vijiji vya kando ya mto, akiwauliza wazee ni nani katika nyumba zao alipitishwa chini ya sinia: jina la kwanza, jina la pili, mwaka, na jina la mkunga ikiwa linakumbukwa. Mpaka sasa amepata majina sitini na moja. Baadhi ya wazee hukataa kulitamka lile jina la kwanza hata leo, humwandikia kwenye kiganja. Akifika mia mbili atalikabidhi daftari kwa parokia, lipigwe picha na kuwekwa pamoja na vitabu vya ubatizo.

"Mashine itasoma chochote tutakachoiandikia," anasema. "Taabu ni yale tuliyokubaliana kutoyaandika."

Asubuhi hii, saa mbili, anafunga kompyuta na kwenda makaburini. Ni wiki ya kufyeka na kupaka rangi, na watu wamejaa na ndoo na fagio. Nana Pacing ameshafika, amekaa kwenye ukingo wa kaburi la Hilarion, ameshika brashi na kopo la rangi nyeupe. Nyonga, anasema, haijambo.

Wanapaka uzio pamoja. Kisha Nana Pacing anauliza bila kugeuka, "Wewe huna mtoto."

"Sina, Nana."

"Wala ndugu."

"Walikufa kabla yangu."

"Usihangaike. Ukifa tutakuwashia sisi, nimeshawaambia watoto." Anachovya brashi. "Ila utuandikie ni kwa jina lipi, tusije tukampa mwingine."

Rosenda anaweka chini kopo lake, anafuta mikono kwenye suruali, na kulitoa daftari la bluu kwenye mfuko. Anafungua ukurasa wa kwanza na kumwonyesha mstari wa kwanza. Maria Leonora Galinato. Alipitishwa chini ya sinia mwaka 1980, akaitwa Rosenda.

Nana Pacing anausogeza ukurasa mbali na macho, anausoma polepole mpaka mwisho, kisha anausoma tena kwa sauti ili Hilarion naye asikie. Anamrudishia daftari.

"Vizuri," anasema. "Sasa paka na upande ule wa nyuma, jua halijawa kali."